Atakaye tiba ya Kichina na aanze na Kichina

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mawakala wa vyuo vya ng'ambo hujaa tele katika miji yetu. Zamani wengi wao waliuza Uingereza, Marekani na India. Siku hizi wanauza pia China, na miongoni mwa kozi wanazozinadi ni shahada ya tiba ya jadi ya Kichina, yaani ile tiba ya mitishamba, ya kuchomwa sindano na ya kupapaswa mshipa wa mkono. Ahadi inayotiwa wino mzito katika makaratasi yao ni moja: masomo yote yatatolewa kwa Kiingereza, kwa hivyo mzazi na mwanawe wasiwe na wasiwasi wowote wa lugha.

Mimi nashikilia kwamba hapo hasa ndipo wasiwasi unapopaswa kuanza. Mwalimu wa isimu hana haki ya kutoa hukumu kama sindano huponya kipandauso au haiponyi; hilo tuwaachie matabibu na watafiti, ambao wenyewe hawajamaliza kubishana. Lakini nani adahiliwe katika chuo cha tiba hiyo, na afundishwe kwa lugha gani, ni suala la lugha kabla halijawa suala la tiba. Na kwa kuwa barua za kumpendekeza mwanafunzi huandikwa na sisi walimu, si vyema tukatia sahihi bila kujua tunampeleka mtoto wa watu wapi.

Vyuo vyenyewe si vikongwe kama wengi wanavyodhani. Tiba ya Kichina ina maandishi ya zaidi ya miaka elfu mbili, lakini kwa karne nyingi ilirithishwa ndani ya koo, na kutoka kwa bingwa hadi kwa mwanagenzi, sawasawa na ilivyokuwa kwa waganga wetu. Mwaka 1929 utawala wa China wa wakati ule ulikaribia kuipiga marufuku kwa hoja kwamba inazuia maendeleo ya nchi. Matabibu wakakusanyika Shanghai mwezi Machi kupinga, na azimio lile halikutekelezwa. Ni mwaka 1956 ambapo serikali ya Kikomunisti ilianzisha vyuo vinne vya kwanza, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Huko Nanjing shule ya mkoa wa Jiangsu ilikuwa imetangulia kwa miaka miwili, nayo ikawa chemchemi ya walimu na vitabu vya kiada kwa vyuo vile vipya. Mwaka 1975 Beijing, Shanghai na Nanjing zikapata vituo vya kuwafundisha wageni akyupancha, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani.

Nanjing naitaja kwa makusudi, kwa sababu mji huo haukutupita mbali watu wa pwani hii. Ndio makao makuu ya mkoa wa Jiangsu, na ni mkoa huo ambao umekuwa ukipeleka madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964. Tena mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu jemadari Zheng He aanze safari zake za baharini, msichana mmoja wa kisiwa cha Pate, Lamu, ambaye ukoo wake husimulia kwamba umetokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo, alipata ufadhili akaenda Nanjing kusomea tiba ya jadi. Magazeti ya ulimwengu yalijaa habari za damu na nasaba. Mimi nililiona swali jingine kuwa kubwa zaidi: binti aliyelelewa kwa Kiswahili cha visiwa vya Lamu angevisoma vitabu vile kwa lugha gani? Ilimbidi aanze na Kichina, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ya kisa chake iliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Masharti ya kujiunga, ukiyatazama juu juu, hayatishi. Pasipoti, cheti cha KCSE, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, fomu ya uchunguzi wa afya, ushahidi kwamba karo ipo au mfadhili yupo. Chuo kikiridhika hutoa barua ya udahili na fomu ya kuombea viza, na mwanafunzi akishafika ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Shahada yenyewe huchukua miaka mitano, ambayo kwa wengi wanaofadhiliwa na serikali ya China hutanguliwa na mwaka mmoja wa matayarisho ya lugha. Mzazi mwenye nauli na mtoto mwenye subira watayamaliza hayo yote.

Lango lenyewe ni sharti la lugha. Kwa kozi zinazofundishwa kwa Kichina, vyuo hudai cheti cha mtihani uitwao HSK, aghalabu cha daraja la nne, mara nyingine cha daraja la tano. Katika mpangilio uliotumika tangu mwaka 2010, daraja la nne lilikadiriwa kuwa sawa na maneno 1200, na la tano maneno 2500. Mwaka 2021 China ilitangaza viwango vipya vya madaraja tisa, dalili kwamba wenyewe waliona madaraja sita hayamtoshi mtu anayetaka kuwa msomi. Kwa kozi zinazonadiwa kuwa za Kiingereza, mwombaji kutoka Kenya huulizwa tu alipata alama gani ya Kiingereza nyumbani.

Hebu tuyapime maneno hayo 1200. Yanamtosha mtu kununua mboga, kuuliza njia, kumwomba mwalimu ruhusa na kusoma barua fupi kutoka kwa rafiki. Hayamtoshi kabisa kufungua Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba hiyo, kilichokusanywa takriban karne ya pili au ya kwanza kabla ya Kristo. Wala Shanghan Lun, alichokiandika tabibu Zhang Zhongjing mwanzoni mwa karne ya tatu na ambacho bado kinafundishwa darasani kama kitabu cha kazi. Kichina cha vitabu hivyo si cha magazeti. Ni cha kale, cha mkato, kisicho na alama za uakifishaji, ambamo neno moja hubeba mzigo unaobebwa leo na sentensi nzima. Fikiri, msomaji, mgeni aliyefundishwa Kiswahili cha kupandia matatu, kisha akakabidhiwa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, tena katika hati za Kiarabu, akaambiwa kwamba uhai wa mgonjwa umo humo. Vyuo vya China vina somo maalumu la Kichina cha kale cha utabibu, na wanaolazimishwa kulisoma ni Wachina wazawa. Ikiwa mzawa hukalishwa chini akafundishwa lugha ya vitabu vyake, seuze mgeni?

Wako watakaosema kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa na watafsiri, na kwamba anachohitaji mwanafunzi ni tafsiri nzuri ya Kiingereza. Hapa ndipo ninapoomba nafasi ya kuzungumza kidogo kuhusu fani yangu.

Tabibu wa Kichina humchunguza mgonjwa kwa njia nne. Ya kwanza ni kumtazama, hasa uso na ulimi. Ya tatu ni kumuuliza. Ya nne ni kumpapasa, hasa mshipa katika kifundo cha mkono. Njia ya pili huitwa wen, nalo ni neno lenye maana ya kusikiliza sauti na pumzi ya mgonjwa, na wakati uo huo kunusa harufu yake. Kiingereza hakina neno kama hilo, kwa hivyo vitabu vya Kiingereza hulipasua vipande viwili na mwanafunzi akadhani njia ni tano. Kiswahili hakina shida hiyo hata kidogo. Sisi husikia sauti, na husikia harufu. Chukua neno jingine, mai, ambalo hutaja njia zinazopita ndani ya mwili na pia mpigo unaopapaswa. Mtafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua moja kila anapolikuta. Mshipa wetu, ambao hubeba damu, huitwa wa fahamu, hupiga, na hata huwa jina la ugonjwa, umezoea kazi nyingi na haungelalamika kuongezewa nyingine.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni ule wa maumivu ya viungo. Sisi huyaita baridi yabisi. Wanafunzi wangu wengi hulitamka jina hilo bila kujua kwamba yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu, na kwamba jina zima ni baki la tiba ya Kiyunani iliyotufikia kwa mikono ya Waarabu, tiba iliyouona mwili kama uwanja wa joto na baridi, ukavu na unyevu. Balghamu na safura vimetoka ghala hilo hilo, ingawa safura imekwisha kuhama maana. Mchina naye huuita ugonjwa huo fengshi, yaani upepo na unyevu. Kumbe Mswahili amesema ukavu na Mchina amesema majimaji, lakini wote wawili wameafikiana kwamba kuna hali ya hewa iliyoingia mifupani. Mwanafunzi wa Mombasa aliyemsikia bibi yake akilalamikia baridi yabisi yuko karibu zaidi na kitabu cha Kichina kuliko mwenzake aliyejifunza majina ya Kiingereza peke yake, mradi tu akiendee kitabu hicho moja kwa moja, asizungukie London.

Ukaribu huo nao una mitego yake. Feng ni upepo. Mhitimu atakayerudi Malindi akamwambia mzee kwamba mwilini mwake mmeingia upepo, mzee atasikia pepo, na badala ya kunywa dawa jamaa zake wataanza kutafuta ngoma ya kumpunga. Neno qi, ambalo ndilo nguzo ya elimu yote hiyo, lina harufu ya pumzi, ya mvuke, ya hewa na ya nguvu za uhai. Mhitimu akilifasiri roho, maimamu na mapadri wote watamwita kujieleza. Halafu kuna pi, wengu. Wachina walipoanza kufasiri vitabu vya anatomia kutoka Ulaya, walichukua jina lao la zamani wakakipachika kiungo kilichoelezwa na Wazungu. Matokeo ni kwamba katika kipindi cha asubuhi cha anatomia (kwa maana vyuo hivi hufundisha pia tiba ya kisasa, tena kwa saa nyingi) wengu ni kiungo kinachohusika na damu, na katika kipindi cha mchana wengu ni mfumo unaotawala usagaji wa chakula. Mwanafunzi wa Kichina huyabeba maana hayo mawili pamoja, kama tunavyobeba sisi maini ya mchuzini na maini yale yanayokatwa na maneno makali. Mgeni anayesoma tafsiri huona upuuzi, akaukariri hivyo hivyo ili apite mtihani.

Mabingwa wenyewe hawakukubaliana jinsi ya kutafsiri. Nigel Wiseman, Mwingereza aliyefundisha Taiwan, alichapisha kamusi pamoja na Feng Ye mwaka 1998 akishikilia kwamba istilahi ifasiriwe kama ilivyo, hata ikisikika ya ajabu. Ugonjwa wa fenghuo yan, kwake, ni jicho la upepo na moto, basi. Xie Zhufan, daktari wa Beijing, alipinga: ugonjwa huo unajulikana hospitalini, ni uvimbe mkali wa utando wa jicho, na uitwe jina lake la hospitali ili ulimwengu wa sayansi usitucheke. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Pasifiki ya Magharibi ilitoa orodha ya istilahi mwaka 2007, shirika lenyewe likatoa nyingine mwaka 2022, na katikati ya hapo magonjwa ya tiba hizi yakapewa sura yao katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Mimi niko upande wa Wiseman. Anayefuta upepo na moto amefuta sababu ya tabibu kuchagua dawa hii badala ya ile, na mwanafunzi atabaki kushangaa kwa nini wagonjwa wawili wenye macho mekundu wamepewa vifurushi viwili tofauti. Lakini hata Wiseman hawezi kumsaidia asiyejua kwamba nyuma ya Kiingereza kile cha ajabu kuna neno la Kichina lenye historia.

Msomaji anaweza kuona kwamba haya ni mabishano ya wasomi walioshiba. Basi na tuiendee Brussels. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitibiwa unene katika kliniki moja mjini humo walianza kuharibikiwa na figo. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kisa hicho katika jarida la kitabibu, na hesabu ya walioathirika ilizidi mia moja. Wengi figo zao zilikufa kabisa. Baadhi yao baadaye walipatwa na saratani ya njia ya mkojo. Katika vidonge vyao mlikuwa na mimea ya Kichina. Mzizi uliokusudiwa ni wa Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fangji. Mzizi uliofika ni wa Aristolochia fangchi, wenye sumu inayoua figo, na ambao nao huitwa fangji. Anayetaka kuitofautisha husema han fangji kwa ule wa kwanza na guang fangji kwa ule wa pili. Silabi moja ya mbele, ndiyo iliyokuwa kati ya mgonjwa na mashine ya kusafishia damu.

Wala hicho si kisa cha pekee. Jina mutong nalo lilikuwa likichangiwa na mimea kadhaa, mmoja wao wa jamii ile ile ya Aristolochia, hata China ikalazimika kuupiga marufuku mwaka 2003. Sisi wenyewe tunajua jinsi jina moja la mti linavyohama kutoka kijiji hadi kijiji likiwa limepanda juu ya mti mwingine. Mfanyakazi wa duka la dawa anayesoma maandishi ya Kichina juu ya mfuko, na anayejua kuuliza ni fangji ipi, si mwanaisimu wa mapambo. Mtu huyo ndiye tunayemtaka atoke katika vyuo hivi, na hawezi kutoka humo ikiwa aliingia kwa sharti kwamba Kichina hakihitajiki.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ya majina unatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu unahusu malaria. Mwezi Mei mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya ugonjwa huo. Tu Youyou, mwanamke mfamasia aliyehitimu Beijing mwaka 1955 na baadaye akapelekwa kusomea tiba ya jadi, alikabidhiwa kikundi cha utafiti mwaka 1969. Mmea wa qinghao ulikuwa umeonyesha dalili njema kisha ukakataa. Tu alirudi kwenye kitabu cha dawa za dharura cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, akaona kwamba maelekezo yake ni kuloweka mmea katika maji, kuukamua na kunywa kilichotoka. Hakuna kuchemsha. Akawaza kwamba pengine moto ndio ulioiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 sampuli yake ikawaponya panya na nyani. Hata jina qinghao lilikuwa na mkanganyiko wake: lilitumika kwa zaidi ya mmea mmoja, ilhali dawa imo katika Artemisia annua. Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kenya ilikuwa imebadilisha sera yake ya matibabu ya malaria mwaka 2004, na tangu 2006 dawa zilizotokana na mmea huo zimekuwa zikigawiwa katika zahanati zetu. Vitenzi vitatu vya kale, vilivyosomwa na mtu aliyejua kusoma, vimewaokoa watoto wa Busia na Kisumu.

Najua hoja itakayotolewa hapa, nayo si dhaifu. Tu Youyou hakuitengeneza dawa ile kwa qi wala kwa upepo. Aliitengeneza kwa etha, panya na majaribio, na mtoto wa Busia anayeimeza hahitaji kujua hata silabi moja ya Kichina. Ni kweli. Lakini anayeimeza ni mgonjwa. Tunayemzungumzia ni anayetaka kuwa tabibu au mtafiti, na kwa huyo kisa cha Tu kinaonyesha watu wawili ndani ya mtu mmoja: mwanasayansi wa maabara na msomaji wa maandishi ya kale. Kozi ya Kiingereza inayomruka msomaji huyo inamtoa mwanafunzi ambaye si mwanasayansi kamili, kwa sababu hakusomea famasia, na si tabibu wa jadi kamili, kwa sababu hakuvisoma vitabu.

Hoja ya pili ni ya gharama, na hii inaniuma zaidi. Mwaka wa matayarisho ni mwaka wa kodi ya nyumba, wa chakula na wa karo, na mzazi anayeuza ng'ombe hawezi kuambiwa kirahisi auze na ndama. Kuwawekea wageni sharti kali la lugha ni kuwafungia nje watoto wa maskini na kuwaachia nafasi wenye baba wenye uwezo. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Hata hivyo, tutazame mwisho wa safari. Katika mwaka wa mwisho mwanafunzi hupelekwa hospitalini kufanya kazi kwa mikono yake. Mgonjwa wa Nanjing, aghalabu mzee anayezungumza lahaja ya mji wake, hakusoma Kiingereza. Wanafunzi wa Kichina hufundishwa wimbo wa maswali kumi ya kumuuliza mgonjwa: kama anahisi baridi au joto, jasho lake likoje, haja yake ikoje, anakula vipi, na kadhalika. Asiyeweza kuuliza maswali hayo husimama nyuma ya wenzake, koti jeupe likiwa safi, akitazama. Njia moja katika zile nne imemfia, na ya kusikia nayo imebaki nusu. Nauli ya baba yake imemnunulia kiti cha mtazamaji. Je, huo ndio unafuu?

Tena akirudi nyumbani atakuta sheria ambayo bado inajijenga. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi na tiba mbadala, na iliagiza kwamba Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kuisimamia. Tanzania ilitangulia kwa miaka kumi na mitano. Ilipitisha sheria yake mwaka 2002 na kuunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na huko Muhimbili utafiti wa tiba za asili una kitengo chake tangu mwaka 1974. Katika hospitali hiyo hiyo, tangu mwaka 1987, wataalamu wa China na wa Tanzania walishirikiana kuwatibu wagonjwa wa ukimwi kwa dawa za Kichina. Mhitimu wa Kikenya, basi, anahitaji kuulizia mapema ni nani atakayeitambua shahada yake na kumruhusu kutibu, na aulize kwa barua ili ajibiwe kwa barua. Wakala hatamuulizia, kwa kuwa malipo yake huingia mwanafunzi anapoondoka, hayangoji arudi.

Vyuo vya China navyo vina la kujibu. Chuo kinachomkubali mgeni kwa lugha ambayo walimu wake wengi hawakufundishiwa taaluma hiyo, kikamtenga katika darasa la wageni peke yao, kisha kikampa shahada yenye jina lile lile analopewa mwenzake wa Kichina, kinaishusha thamani tiba ambayo kinasema kinataka kuieneza duniani. Afadhali kingekuwa na kozi fupi ya Kiingereza yenye jina lake na cheti chake, kwa daktari au mwuguzi ambaye tayari ana taaluma na anataka kujua kutumia sindano, kama vilivyofanya vile vituo vya mwaka 1975. Shahada ya miaka mitano ibaki na lango lake refu. Na mtihani wa langoni usiwe HSK ya kununulia mboga tu. Apewe mwombaji ukurasa mmoja wa maelezo ya mgonjwa, aulizwe umesema nini.

Kwa upande wetu, kazi ya kuunda istilahi haiwezi kumngojea mhitimu. Wachina walianza kututangazia kwa Kiswahili kutoka Peking mwaka 1961, na hadi leo wanawafundisha vijana wao lugha yetu katika vyuo vikuu. TUKI ilituthibitishia mwaka 1990, kwa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia, kwamba Kiswahili hakiogopi sayansi. Idara zetu za Kiswahili zikikaa na mtu mmoja aliyesoma Nanjing kwa Kichina, na mzee mmoja wa Lamu anayezijua dawa za mitishamba kwa majina yake, tutapata faharasa ya maneno mia tano isiyopitia Kiingereza, yenye wen na kusikia kwake, mai na mshipa wake, na onyo kali juu ya upepo na pepo. Hiyo ni tasnifu ya uzamili inayomngoja mwenyewe. Nimekwisha kuwatajia wanafunzi wangu wawili; mmoja ameanza kuuliza maswali.

Walimu wa shule za upili nanyi mna la kufanya kabla ya hapo. Mwanafunzi akija na karatasi ya wakala akiomba barua, mwulizeni kwanza kitabu cha anatomia kitakuwa kwa lugha gani, mgonjwa wa mwaka wa tano atazungumza lugha gani, na ni nani aliyekwisha kurudi kutoka chuo hicho na sasa anafanya kazi wapi. Asipojua, barua ingoje.

Atakayejua na akaendelea kutaka kwenda, muda anao. Mtihani wa KCSE huisha Novemba na mwaka wa masomo wa China huanza Septemba. Katikati kuna takriban miezi kumi ambayo wengi huitumia kungojea matokeo na kungojea viza. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu Desemba mwaka 2005, ya kwanza katika bara hili, na vyuo vikuu vingine vya humu nchini vikafuata. Madarasa ya Kichina yanafundishwa huko, na HSK hufanyiwa papa hapa.